Ubao wa Rangi ya Gari

Mama yeyote anayetaka kumfundisha mwanawe nyumbani na asome kwanza habari hii, kabla hajanunua hata kipande kimoja cha chaki. Mambo haya yamempata mwenzetu mmoja, mpiga pasi, mtu mwenye akili zake timamu, na wala hakuwa mama mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, kwa sababu mbaya hujulikana. Huyu alikosea kwa bidii. Na kosa la bidii ni kama doa kwenye shati jeupe: ukipitisha pasi juu yake bila kuliona, umelipikia humo humo.

Alikuwa na binti wa miaka tisa, darasa la tatu. Watu walimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajajua kunyamaza. Siku hiyo Chiriku alikuwa akishuka ngazi za shule huku amegeuka nyuma, anamalizia kisa alichokuwa akimsimulia mwenzake. Kisa hakikuisha. Yeye ndiye aliyefika chini kwanza, na mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Akafungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye vidole, mguu ukanyooka kama mchi. Daktari akasema miezi mitatu asiukanyagie chini, na ngazi asizione hata kwenye picha.

Darasa lao lilikuwa ghorofa ya pili.

Mwalimu wa darasa alikuja kumtazama mgonjwa, akanywa chai, kisha akasema maneno yake bila kuyazungusha.

"Mama, mtoto akikosa muhula mzima, utaratibu ni kurudia darasa. Lakini ukiweza kumfundisha hapa nyumbani, wiki ya mwisho ya muhula nitakuja mwenyewe nimpime. Akiweza, anakwenda la nne na wenzake. Asipoweza, atabaki na wadogo zake."

Kurudia darasa! Neno lile lilimchoma mpiga pasi mahali ambapo hakuna aliyepajua. Yeye mwenyewe aliishia shule ya msingi, na hata hiyo msingi alirudia la tano mara mbili. Alikaa na watoto wadogo mpaka magoti yake yakawa yanainua dawati, nao wakimwita Bibi. "Bibi, tushikie mikoba!" "Bibi, umelala?" Mwanawe apitie hayo? Haiwezekani.

"Nitamfundisha, Mwalimu," alisema, kama mtu aliyekubali kuvuka mto kabla ya kuuliza kina.

Jioni ile ile alimvamia mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi magari, na chumba cha nyuma chote kilikuwa stoo yake: makopo, mabomba ya kupulizia, magazeti ya kufunikia vioo, na bampa moja ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua.

"Baba Chiriku, nakitaka chumba hiki."

"Hiki? Na rangi zangu?"

"Rangi zako hazina mtihani."

Fundi alikuna kichwa, akaanza kutoa makopo.

Kwa siku tatu nyumba ile haikukalika. Mama alisugua kuta kwa sabuni mpaka plasta ikaanza kuomba msamaha. Mlango wa kabati lililokufa ukalazwa juu ya makreti mawili, ukawa meza. Vitabu akavivalisha majalada, akavipanga kwenye rafu ya juu kabisa, visije vikachakaa. Akaandika ratiba kwa kalamu za rangi tatu: saa mbili kusoma, saa tatu hesabu, saa nne mapumziko. Kengele ilikuwa kijiko na kopo tupu. Kiti cha mwanafunzi akakiweka mwisho wa chumba, mgongo kwenye dirisha, kwa kuwa ni pale tu ambapo mguu wenye plasta ungeweza kunyooshwa juu ya kreti bila kuziba mlango. Ukabaki kutafutwa ubao wa ukuta wa mbele.

Na ubao huo ndio niliokusudia kuwaeleza.

"Usinunue rangi ya ubao," fundi alisema. "Ile ya dukani ni masizi na vumbi. Mwachie mwenye kazi yake. Mimi nina nyeusi ya magari ya maharusi."

Akachukua bao pana, akalipiga msasa, akalipulizia nyeusi mikono minne, na kila mkono akisubiri ukauke ndipo aongeze mwingine. Juu yake akamalizia na ile isiyo na rangi, ya kung'arisha. Alipouingiza ndani aliubeba kwa vidole, kama mtu aliyebeba keki. Mwanamume angeweza kunyolea ndevu pale.

"Baba!" Chiriku alipiga makofi kitandani kwake. "Huo ubao unaweza kwenda harusini peke yake!"

"Mwanangu, hakuna shule yenye ubao kama huu. Tembea kote."

Ni kweli, hakuna. Shule zote zina sababu zake, lakini nani angeuliza?

Chaki ilikataa kushika. Iliteleza juu ya rangi ile kama kisigino kwenye sabuni. Mama akagundua dawa: akaichovya chaki kwenye maji ya sukari, ikashika vizuri, ikikauka inakuwa nyeupe pe. Asubuhi iliyofuata sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye herufi zote. Wifi yake, dada wa fundi, muuza nguo za mitumba mwenye ulimi usiolala, alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, na hawa sisimizi wamelipa ada?"

"Cheka tu, Wifi. Mwisho wa muhula utanipigia makofi."

"Mimi sina neno. Nashangaa tu: wewe na la saba lako, leo mwalimu mkuu!" Kisha akatazama ndani tena, akalegeza sauti. "Ila pamependeza. Wallahi pamependeza. Kama shule za wenye pesa."

Habari zikaenea. Majirani wakaja mmoja mmoja, wakasimama pale pale mlangoni aliposimama wifi, wakatazama ratiba, majalada, ubao unaometa, wakasema "Ah!" Mama akawa anaupangusa kwa kitambaa kibichi kila asubuhi, na kila "Ah!" ilimwongezea urefu. Jamani, tuogope sifa za mlangoni. Anayesimama mlangoni hasomi.

Masomo yakaanza. Mama alisimama ubavuni mwa ubao, fimbo ya kuonyeshea mkononi, huku pasi inapata moto kwenye chumba cha pili. Aliandika, Chiriku akanakili kwenye daftari, akajibu. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na kwake elimu ilikuwa kitu kinachotoka ubaoni. Vitabu vilishuka Ijumaa tu, kwa mikono iliyonawa.

Wiki ya kwanza Chiriku alipata mawili juu ya kumi. Ya pili, moja. Na makosa yenyewe yalikuwa ya ajabu. Ubaoni imeandikwa thelathini na sita jumlisha arobaini na nane. Daftarini mtoto ameandika thelathini jumlisha kumi na nane. Sentensi ya maneno manane ilifika kwenye daftari ikiwa na matano.

"Hii sita imekwenda wapi?"

"Mama, ubao siuoni vizuri."

"Huuoni? Ubao mkubwa kama mlango? Mimi hapa nauona. Shangazi yako anauona tangu nje. Pikipiki ikipita unaiona, kunguru akitua unamwona, ubao tu ndio umekuwa mchawi?"

Chiriku aliinama. Hakusema tena. Si siku ile, si kesho yake. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe, mama zangu, si kwenye rangi. Rangi ni rangi tu.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Wakafunga dirisha la mbao, wakawasha taa. Siku hiyo Chiriku alipata kumi juu ya kumi, na imla hakukosa hata nukta. Mama alilishika daftari kwa mikono miwili. Mnadhani alifurahi? Alikasirika.

"Kumbe unaweza! Kumbe wiki zote hizi ni uvivu! Mimi nasimama mpaka miguu inavimba, wewe unanichezea!"

Mtoto alitazama daftari, akamtazama mama. "Sikuchezei, Mama. Leo yamekuja tu."

"Basi kesho yaje tena."

Kesho jua likawaka, dirisha likafunguliwa kwa sababu ya joto, na hayakuja. Akapata mawili. Mama akamnyima kukaa barazani na watoto wenzake waliokuja kumtembelea. Wiki nzima. Chiriku hakulia. Alizidi kunyamaza, ukimuuliza neno anajibu neno, akawa anatazama daftari lake kama mgeni anayetazama sahani ya watu. Wifi alikuja na wazo lake.

"Wifi, nisikilize bila kununa. Alipoanguka, kichwa walikipima?"

"Kichwa kina nini?"

"Sijui. Mimi nasema tu. Mtoto aliyekuwa redio, leo kazima. Labda mwache arudie mwaka. Kurudia si kufa."

"Wewe hujui," mama alijibu, akaingia kupiga pasi. Alipiga pasi mashati kumi na moja bila kujua ni ya nani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Mwalimu aje.

Siku ya kwenda kliniki, fundi alimpakia binti yake kwenye gari la mteja, wakaondoka. Mama akabaki kufagia chumba cha masomo. Chini ya kiti kulikuwa na mabaki ya kifutio, mengi mno, kama vumbi la mbao chini ya meza ya seremala. Mtoto alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Mama akachoka kuinama. Akakaa kwenye kile kiti, kwa mara ya kwanza tangu akiweke pale, akainua uso.

Akamwona mwanamke anatandika godoro juani.

Alitazama tena. Lilikuwa godoro la jirani wa nyuma, na kamba ya nguo, na anga lote jeupe limejaa katikati ya ubao. Dirisha la mgongoni kwake lilikuwa mbele yake, zima, na fremu zake. Aliandika hesabu kumi pale asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na hakuziona. Aliona mwisho wa mstari mmoja huku pembeni, na saba isiyo na kichwa.

Akasogeza shingo kushoto. Zikatokea mbili. Kulia, ikatokea moja. Ili kuwa na hakika akainua mguu wake, akaunyoosha juu ya kreti kama mtoto anavyofanya, mgongo ukagota kwenye kiti. Ukikaa hivyo huwezi kuinama pembeni. Akakaa vile vile, mguu juu, ufagio mapajani, akitazama jirani anavyolipiga godoro fimbo.

Waliporudi walimkuta pale pale.

"Mama Chiriku, umeumwa?" fundi aliuliza.

"Njoo ukae hapa."

"Nina gari la watu nje…"

"Kaa, baba Chiriku."

Alikaa. Akatazama. Mtu wa rangi hahitaji kuelezwa habari za kung'aa. Alijiona mwenyewe mle ndani, hadi kofia yake.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, mikongojo ikiwa bado kwapani. "Kwa nini hukuniambia?" Halafu akajisahihisha, maana uongo ule haukufaa hata sekunde moja. "Hapana. Uliniambia. Kwa nini hukuniambia tena?"

Chiriku alimtazama baba yake kwanza. "Baba alisema ndio ubao mzuri kuliko yote. Na wewe ulisema kila mtu anauona." Akavuta pua. "Nikajua macho yangu yamevunjika pamoja na mguu. Nikaogopa yatafungwa plasta."

Fundi alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwanamume akilifanya hutafuta mahali pa kugeukia. Aligeukia makopo yake. Akarudi na ndoo ya maji na karatasi za msasa.

"Mikono minne," alinung'unika. "Miaka kumi na tano kazi yangu kung'arisha, leo natakiwa nififishe."

"Nikusaidie?" mama aliuliza.

"Kaa mbali. Utaukwaruza."

Alianza na msasa laini, kwa huruma, kama anayemnawisha mtoto usingizini. Chiriku aliwekwa kwenye kiti chake, mguu juu ya kreti, akawa msimamizi.

"Bado, Baba. Godoro bado naliona."

"Sasa?"

"Sasa naona shuka tu."

Akachukua msasa mkali zaidi. Maji meusi yakatiririka ukutani, kwenye ukuta uliosuguliwa kwa sabuni siku tatu. Mng'ao ukazimika kuanzia katikati kwenda pembeni, ubao ukawa na rangi ya mkaa uliolowa, mchovu, usiopendeza hata kidogo. Fundi alirudi nyuma, akakunja uso kama amepaka gari la adui.

"Naona herufi," Chiriku alisema. "Mama, andika kitu. Bila sukari!"

Mama aliandika jina la mtoto. Chaki ikashika yenyewe, kavu.

"Naliona lote! Hata hapo mkono wako ulipotetemeka."

Siku ile ile wakashusha ubao shubiri mbili, ulingane na macho ya aliyekaa. Rafu ya vitabu ikatoka juu ikashuka hadi kwenye mkono wa mtoto, na majalada yakaanza kuchafuka. Ratiba ya rangi tatu ilibaki, lakini kila walipobadilisha kitu mama alikaa kwanza kwenye kile kiti. Wifi alipopita hakusema "Ah!" Alisema, "Mbona mmepaharibu?"

"Ingia ukae, Wifi, ndipo uniulize tena."

Akaingia, akakaa, mama akamweleza. Wifi akatazama ubao, akatazama mguu wa mtoto. "Na mimi nikasema kichwa," alisema mwishowe. Akatoa kwenye furushi lake mto mdogo wa mitumba, akausukuma chini ya kisigino cha Chiriku, akaondoka bila kuaga.

Wiki tatu si nyingi. Msidhani kuona ubao ni kujua yaliyoandikwa humo. Kulikuwa na wiki nyingi za kufidia, na siku nyingine wote wawili walichoka, wakagombana juu ya jedwali la saba mpaka fundi akaomba wahamie nchi nyingine. Kusoma kulirudi haraka. Kujumlisha kukarudi. Kugawanya ndiko kulikotaka kuwaua, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa akigawanya kwa kubahatisha tangu la tano. Wakajifunza pamoja, vifungo vya mashati ya wateja vikiwa mezani, vinapangwa mafungu mafungu.

Mwalimu akaja Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua limechachamaa. Aliingia, akatazama kile chumba, hakusifu kitu. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kiti cha mtoto.

"Mama, utatupisha."

Mama akatoka barazani, akaanza kupiga pasi ili mikono iwe na kazi. Wifi alikuwa hapo tayari, eti anatafuta kivuli. Kupitia ukutani ilisikika sauti ya Chiriku akisoma, mbio mbio, kisha taratibu, kisha kimya. Kimya kikawa kirefu.

"Anagawanya," mama alinong'ona.

"Wifi."

"Nyamaza, anagawanya."

"Wifi, shati linatoa moshi."

Alinyanyua pasi. Mgongoni mwa shati la karani wa watu pamebaki umbo la pasi, la kahawia, limekamilika hadi ncha. Wote wawili walilitazama. Wifi akalikunja haraka, akalitia kwenye furushi lake la mitumba. "Nitamtafutia jingine kama hili. Wewe sikiliza mtoto."

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu alikuwa na karatasi mkononi.

"Kusoma, safi. Mwandiko unakimbia lakini unasomeka. Kujumlisha na kutoa, sina neno." Akageuza karatasi. "Kugawanya anayumba. Kumi, kapata manne."

Mama alishika meza ya pasi. "Basi anarudia."

"Nani kasema? Kuna wenzake walikuwa na mimi muhula mzima, na manne hayo hawana." Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Anakwenda la nne. Likizo hii mgawanye kila kitu kilichomo nyumba hii, mpaka kuku."

"Hatuna kuku, Mwalimu!" ilitoka sauti ya ndani. "Ila tuna makopo ya rangi, tena yapo thelathini na mawili, ukigawa kwa nne unapata nane, na Baba alisema…"

Wifi alikaa chini barazani, akapiga makofi peke yake. Mama alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliyafuta kwa ncha ya kanga, kisha akamshika Mwalimu mkono kabla hajavaa viatu.

"Mwalimu, huko la nne atakaa wapi?"

"Ni chini, Mama, hakuna ngazi. Usiwe na wasiwasi."

"Nauliza dawati. Dawati gani?"

"Ah, lolote. Kwa nini?"

Mama hakumweleza pale. Ingekuwa hadithi ndefu. Lakini Jumatatu ya likizo, shule ikiwa tupu, mlinzi alisikia mbao zinalia kwenye darasa la nne. Akachungulia. Akamwona mwanamke mzima amekaa kwenye dawati la mbele karibu na dirisha, mguu mmoja kaunyoosha pembeni, anakodolea ubao macho. Ameandika hapo maneno mawili matatu kwa chaki.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Hapana, baba. Hapa panang'aa." Akainuka, akahamia dawati la pili, akanyoosha mguu tena. "Niwie radhi, sitakuchelewesha. Nimebakiza madawati kumi na tisa."